Mwili Kiwamboni, Majina Kinywani: Michoro ya Pande Tatu na Ufundishaji wa Anatomia kwa Kiswahili

Utangulizi

Mtaa wa Liwatoni uko upande wa kusini-magharibi wa Kisiwa cha Mombasa, ukingoni mwa maji ya Kilindini, nao unajulikana zaidi kwa bandari yake ya samaki. Mwandishi wa makala haya alikulia karibu na mtaa huo, na miongoni mwa mambo aliyoyazoea utotoni ni kumtazama mzee mmoja mkataji samaki akimkata nguru. Mzee huyo hakumpasua nguru kwa urefu. Alimkata mapande ya mviringo, moja baada ya jingine, tangu shingoni hadi mkiani. Katika kila kipande kulionekana pingili ya uti wa mgongo katikati, nyama kuizunguka na, katika vipande vya mbele, uwazi wa tumbo. Mzee alikuwa akijigamba: “Mwanangu, nipe kipande kimoja tu, nami nitakwambia kimetoka wapi katika samaki.” Wala hakukosea. Alikuwa na samaki mzima kichwani mwake.

Ujuzi huo wa kukitazama kipande na kuliona umbo zima ndio anaotakiwa kuwa nao kila mwanafunzi wa utabibu kuhusu mwili wa binadamu. Aidha, ndio msingi wa teknolojia ambayo siku hizi hutumika kumfundishia, yaani michoro ya tarakilishi ya pande tatu. Michoro hii huonyesha urefu, upana na kina cha kiungo kwa pamoja, na mtazamaji anaweza kuuzungusha mwili kiwamboni, kuuondolea ngozi, kisha misuli, kisha mbavu, mpaka aufikie moyo.

Huenda msomaji akauliza: suala hili linawahusu nini wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili? Jawabu la makala haya ni kwamba linatuhusu sana. Mchoro wa pande tatu haujui lugha yoyote. Lugha ni ya majina yanayobandikwa juu yake. Katika Kenya, majina hayo ni ya Kiingereza na Kilatini, ilhali mgonjwa atakayehudumiwa na mwanafunzi huyo, hasa hapa pwani, ataeleza maradhi yake kwa Kiswahili. Makala haya yanaeleza jinsi michoro hiyo inavyoundwa, manufaa na mipaka yake, kisha yanaonyesha kwamba inatupa sisi wanaisimu nafasi adhimu ya kuyapambanua na kuyasanifisha majina ya viungo vya mwili katika Kiswahili.

Kutoka kipande hadi umbo

Kwa karne nyingi, anatomia ilifundishwa kwa njia mbili: kwa maiti na kwa kitabu chenye michoro. Mnamo mwaka wa 1543, Andreas Vesalius alichapisha kitabu kilichoubadilisha mtazamo wa Ulaya kuhusu mwili, kwa kuwa michoro yake ilitokana na maiti alizozipasua mwenyewe. Hata hivyo, mchoro wa kitabuni una pande mbili tu. Ukitaka kujua kilichoko nyuma ya ini, huna budi kufungua ukurasa mwingine na kuunganisha kurasa hizo mbili akilini.

Mabadiliko makubwa yalikuja na mashine ya kupiga picha za mwili vipande vipande kwa miale ya eksirei. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwa mashine hiyo jijini London mwaka wa 1971, na aliyeiunda ni Mwingereza Godfrey Hounsfield. Sisi Waafrika tunafaa kukumbuka kwamba hesabu ambazo zinawezesha picha za namna hiyo zilishughulikiwa mapema pia na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye aliuanza utafiti wake Cape Town katika miaka ya 1950. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka wa 1979.

Mashine hiyo hufanya kwa miale kile alichokifanya mzee wa Liwatoni kwa kisu, isipokuwa haimkati mtu. Hutoa picha za vipande vyembamba vya mwili, kimoja baada ya kingine. Tarakilishi huvipanga vipande hivyo kwa utaratibu, mithili ya mtu anayevirudisha vipande vya nguru mahali pake mpaka samaki akawa mzima tena. Baada ya hapo hufuata kazi ya kupambanua: katika kila kipande, mtaalamu au programu huonyesha mpaka wa kila kiungo, kwamba hapa ndipo ini linapoishia na hapa ndipo figo linapoanzia.

Hatua inayofuata ni kuufunika mpaka huo kwa wavu. Msomaji na alifikirie jarife lililotupwa juu ya jabali na kulishika barabara pande zote, hata ukilitazama jarife unalijua umbo la jabali. Wavu wa tarakilishi una macho ya pembetatu, na kadiri pembetatu zinavyokuwa ndogo na nyingi, ndivyo umbo linavyokuwa laini. Mbinu mashuhuri ya kuunda wavu wa namna hiyo kutokana na picha za vipande ilichapishwa na William Lorensen na Harvey Cline mwaka wa 1987. Hatimaye tarakilishi huhesabu mwanga unavyoiangukia kila pembetatu, ikazipa nyingine rangi iliyoiva na nyingine rangi iliyofifia, na jicho la mtazamaji likaona kina pasipo na kina.

Mfano unaojulikana zaidi wa kazi hii ni mradi wa Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani wa kuunda mwili wa binadamu unaoonekana wote. Mwili wa mwanamume aliyetumiwa ulikuwa wa Joseph Paul Jernigan, mfungwa aliyeuawa kwa hukumu ya mahakama katika jimbo la Texas mwezi wa Agosti mwaka wa 1993, akiwa ameridhia mwili wake utolewe kwa ajili ya sayansi. Uligandishwa, ukasagwa milimita moja baada ya nyingine, na kila uso uliojitokeza ukapigwa picha. Picha hizo zilifika 1,871, nazo zilitolewa kwa watafiti mwaka wa 1994. Mwaka uliofuata zilitolewa za mwanamke, ambaye mwili wake ulisagwa kwa unene wa thuluthi moja ya milimita, na idadi ya picha ikawa zaidi ya 5,000.

Manufaa na mipaka

Manufaa ya michoro hii hayahitaji kutetewa sana. Kwanza, maiti hukatwa mara moja tu. Msuli uliokwisha kukatwa haurudi. Kiwamboni, mwanafunzi anaweza kuuondoa msuli na kuurudisha mara mia moja. Pili, maiti ni haba. Nchini Kenya matumizi yake yanaongozwa na Sheria ya Anatomia, na katika jamii zetu za pwani, ambako heshima ya kwanza kwa aliyefariki ni kumsitiri kaburini upesi, ni nadra mtu kuusia mwili wake upelekwe chuoni. Tatu, mchoro unaweza kutazamwa nje ya maabara, hata kwenye simu. Wakati vyuo vilipofungwa mwaka wa 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, ilidhihirika wazi kwamba somo lililotegemea chumba kimoja lilihitaji njia ya pili.

Hata hivyo, mizani ya haki haina budi kuonyesha upande wa pili. Mchoro haumfundishi mwanafunzi uzito wa ini mkononi wala ugumu wa gegedu chini ya kisu. Vilevile haumfundishi staha anayojifunza anaposimama mbele ya mtu aliyekuwa hai. Tena, mchoro humzoeza kuamini kwamba miili yote ni sawa, ilhali si sawa. Hata Jernigan, ambaye mwili wake ulifanywa kielelezo cha mwili wa mwanamume ulimwenguni, alikuwa amekwisha kuondolewa kidole tumbo kwa upasuaji zamani. Mwanafunzi aliyetafuta kiungo hicho katika picha zake asingekipata. Kielelezo, basi, ni mwili wa mtu fulani, wenye historia yake.

Kwa sababu hizo, mchoro wa pande tatu ni msaidizi wa mwalimu na wa maiti, wala si mrithi wao. Ila kuna kazi moja ambayo mchoro huu unaifanya vizuri kuliko maiti na kuliko kitabu, nayo ni kuliunganisha jina na mahali pake pasi na shaka. Hapo ndipo tunapoingia sisi.

Chembe cha moyo

Miaka kadhaa iliyopita, mwandishi alimsindikiza nyanya yake katika zahanati moja kisiwani Mombasa. Mhudumu alikuwa kijana mwenye adabu, mzaliwa wa bara, aliyekuwa amehitimu karibuni. Alimwamkia nyanya, akamuuliza kinachomsumbua. Nyanya akasema: “Mwanangu, chembe cha moyo chanikata. Nikila chanikata, na nisipokula chanikata.” Kijana alilisikia neno moja tu katika sentensi hiyo, nalo ni moyo. Akaandika kwa Kiingereza kwamba mgonjwa ana maumivu ya moyo, akaagiza moyo upimwe. Nyanya akarudi nyumbani amejaa hofu, kwa kuwa alielewa kwamba ameambiwa ana ugonjwa wa moyo.

Mswahili wa pwani anajua kwamba chembe cha moyo si moyo. Ni mahali pale chini ya kidari, katikati, ambapo mbavu za kulia na za kushoto huachana. Nyuma yake kuna tumbo la chakula. Lau mhudumu angejua hivyo, angeuliza pia habari za chakula, za kiungulia na za dawa za maumivu anazozimeza bibi huyo kwa ajili ya magoti. Kwa insafu, ni lazima tuseme kwamba kuupima moyo hakukuwa kosa, maana maumivu ya hapo huweza pia kutokana na moyo, hususan kwa watu wazima. Kosa ni kwamba swali la tumbo halikuulizwa kabisa, kwa kuwa neno lilikuwa limekwisha kuufunga mlango.

Juma lililofuata tulimkuta mhudumu mwingine. Huyu alikuwa na tarakilishi ndogo ya mkononi yenye mchoro wa mwili wa pande tatu. Aliuzungusha mpaka ukamkabili nyanya, akasema: “Nyanya, hebu niguse hapa kwenye picha panapokuuma.” Nyanya akaweka kidole. Mhudumu akaiondoa ngozi, kisha mfupa wa kidari, na tumbo la chakula likajitokeza chini ya kidole kile kile. Nyanya akacheka: “Kumbe ndivyo lilivyo!” Siku hiyo ndipo alipoanza kutibiwa vidonda vya tumbo.

Kisa hiki ni kidogo, lakini kinabeba hoja nzima ya makala haya. Neno lilimpoteza mhudumu wa kwanza. Kidole juu ya mchoro kilimwongoza wa pili. Hata hivyo, si kila mgonjwa atakutana na mchoro. Ni muhimu zaidi kwamba mhudumu, alipokuwa mwanafunzi akiuzungusha mwili kiwamboni, angekuwa ameliona pale, mahali pake hasa, jina chembe cha moyo.

Mshipa mmoja, vitu vinne

Mfano wa pili ni neno mshipa. Katika mazungumzo ya kila siku, mshipa ni njia ya damu iendayo na ya damu irudiyo. Ni uzi unaopeleka hisia ubongoni. Ni ukano unaoushika msuli kwenye mfupa. Na kuna mshipa ambao ni ugonjwa wa uvimbe wa kinena au pumbu. Mtu anaposema “mshipa wa mguu waniuma”, msikilizaji ana haki ya kuuliza ni upi kati ya hivyo.

Katika mchoro wa pande tatu, vitu hivyo vimetengwa kwa rangi. Kwa desturi ya wachoraji, ateri ni nyekundu, vena ni buluu, neva ni manjano, na kano ni nyeupe. Mwanafunzi akibofya kila kimoja, huwaka peke yake tangu kinapoanzia hadi kinapokomea. Istilahi ateri, vena na neva zimekwisha kuzoeleka katika vitabu vyetu vya sayansi, na kano ni neno letu la asili. Hivyo basi, lugha haikukosa maneno. Kilichokosekana ni mahali pa kumwonyesha mzungumzaji kwamba maneno hayo manne yana vitu vinne tofauti.

Lakini hapa pia panahitaji tahadhari, na ni tahadhari ya kiisimu. Mwanafunzi asije akafasili ateri kuwa ni mshipa mwekundu. Rangi ni desturi ya mchoraji tu. Ateri inayotoka moyoni kwenda mapafuni hubeba damu ambayo haijapata hewa safi, na michoro mingi huipaka buluu, lakini haiachi kuwa ateri, kwa kuwa sifa yake bainifu ni kuitoa damu moyoni. Vena, kwa upande wake, huirudisha damu moyoni. Fasili njema husimama juu ya kazi na mwelekeo wa kitu, wala si juu ya pambo lake. Mwanafunzi wa semantiki atalitambua somo hilo mara moja.

Yapo pia maneno ambayo ni mapana kuliko mchoro. Mkono wa Kiswahili huanzia begani hadi ncha za vidole, na mguu huanzia nyongani hadi wayoni. Tabibu anayefikiri kwa Kiingereza huyagawa maeneo hayo kwa majina mawili mawili. Je, Kiswahili ni maskini? La hasha. Tunalo bega, kwapa, kiwiko, kiganja na kitanga. Tunalo paja, goti, muundi, kifundo, kisigino na unyayo. Tuna mtulinga kwa mfupa ulalao kati ya shingo na bega. Tuna fupapaja kwa mfupa wa paja. Kifupa kidogo cha mbele ya goti tunakiita pia ya goti, kwa sababu umbo lake na kuteleza kwake kulimkumbusha Mswahili pia ichezwayo na watoto. Na kuna wakiitao kilegesambwa. Utajiri upo, ila umetawanyika vinywani mwa wazee, wachinjaji, wakunga na wakandaji, nao hauonekani kwenye kiwambo.

Hata neno kiwambo lenyewe ni somo. Asili yake ni kitenzi wamba, yaani kutandaza ngozi au nguo na kuikaza, kama ngozi ya ngoma. Wanabiolojia wetu walilichukua wakaliita kwalo pazia la msuli litenganishalo kifua na fumbatio, ambalo hutusaidia kuvuta pumzi. Wanatarakilishi nao wakaliita kwalo kioo cha mashine. Hivyo leo inawezekana kusema kwamba tunakitazama kiwambo juu ya kiwambo, na kila mmoja akaelewa, kwa kuwa sitiari ni moja. Lugha yenye uwezo huo haihitaji kuombewa.

Funzo la Kilatini na funzo la Mombasa

Wapo wanaodai kwamba majina ya Kiswahili yanatofautiana mno kutoka mahali hadi mahali, hivyo hayafai kwa sayansi. Wengu huitwa pia bandama. Mapafu huitwa pia yavuyavu. Figo wazee wengine wa pwani waliliita nso. Madai hayo yanasahau historia ya lugha nyingine. Kufikia mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, vitabu vya anatomia vya Ulaya vilikuwa na takriban majina 50,000 kwa viungo visivyozidi sana 5,000. Kiungo kimoja kiliweza kuwa na jina moja Ujerumani, la pili Ufaransa na la tatu Uingereza. Mwaka wa 1895 wanaanatomia walikutana Basel, Uswisi, wakakubaliana juu ya orodha moja ya Kilatini. Orodha hiyo ilirekebishwa mara kadhaa, na ile iliyochapishwa mwaka wa 1998 ina istilahi zipatazo 7,500. Kilatini, basi, hakikuzaliwa kimesanifiwa. Kilisanifiwa na watu waliokaa chini wakashauriana.

Sisi nasi tuna historia kama hiyo, na sehemu yake ilitendeka hapa hapa kisiwani. Mwezi wa Juni mwaka wa 1928, mkutano wa wawakilishi wa nchi za Afrika Mashariki uliofanyika Mombasa ndio ulioamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita, lahaja ya wenyeji wa mji uliokuwa mwenyeji wa mkutano, hakikuchaguliwa. Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka wa 1930. Tangu wakati huo kazi ya istilahi haijalala: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990, na baadaye ikatoa kamusi ya tiba.

Kamusi hizo ni hazina. Lakini kamusi huliweka jina karibu na jina jingine, wala haiwezi kuliweka jina juu ya kiungo. Msomaji akikuta kwamba kongosho ni tezi iliyo nyuma ya tumbo la chakula, bado hajui iko wapi mpaka aione. Mchoro wa pande tatu unaweza kulitimiza jambo hilo. Zaidi ya hayo, unaweza kuyarudisha mezani majina ya Kimvita na ya lahaja nyinginezo bila ugomvi, kwa kuwa kiungo kimoja kinaweza kubeba jina sanifu kwa maandishi makubwa na majina ya lahaja chini yake. Mhudumu wa afya anahitaji yote mawili: la kuandikia na la kusikilizia.

Njia ya kufuata

Huenda ikadhaniwa kwamba kazi hii yahitaji mamilioni ya fedha. Sivyo. Michoro yenyewe imekwisha kuundwa. Watafiti wa Japani waliunda mkusanyiko wa viungo vya mwili wa mwanamume vya pande tatu uitwao BodyParts3D, wakaruhusu utumiwe na kuendelezwa na yeyote atakayetaja asili yake. Juu ya msingi huo pameundwa atlasi iitwayo Z-Anatomy, ambayo hufanya kazi ndani ya programu huria ya michoro iitwayo Blender. Katika mkusanyiko huo wa Japani, kila kiungo kina nambari yake ya utambulisho, na jina huambatishwa na nambari hiyo. Kwa lugha nyepesi, kuna jedwali: safu moja ni ya nambari, nyingine ni ya Kiingereza. Kinachotakiwa ni safu moja zaidi.

Ni nani atakayeijaza? Mtaalamu wa tarakilishi hana istilahi. Daktari anayo maarifa ya kiungo lakini hana muda wala mafunzo ya kuchunguza lugha. Mwanafunzi wa Kiswahili ndiye aliyefundishwa leksikografia, semantiki, lahaja na mbinu za nyanjani. Makala haya yanapendekeza hatua nne ambazo hata chama cha wanafunzi kinaweza kuzitekeleza kwa muhula mmoja.

Kwanza, tuanze na viungo mia moja tu, vile vinavyotajwa zaidi katika mazungumzo ya mgonjwa na mhudumu. Pili, tukusanye majina kutoka kwa watu wanaoujua mwili kwa mikono yao: wachinjaji wa mbuzi, wakataji samaki, wakunga wa jadi, wakandaji na waunga mifupa. Mbuzi anayechinjwa Idi ana ini, figo, wengu, mapafu na kiwambo kama binadamu, na mchinjaji huvitenga bila kukosea.

Tatu, tufanye jaribio la kidole. Mtafiti amwonyeshe mzungumzaji mchoro usio na maandishi, ataje jina, kisha aombe aguswe mahali pake. Wazungumzaji ishirini wakigusa mahali pamoja, jina hilo ni thabiti na linafaa kubandikwa. Wakitawanyika, tumegundua neno lenye maana nyingi kama mshipa, na tunajua kwamba linahitaji kupambanuliwa. Jaribio hili haliwezekani kwa kamusi, na ni gumu kwa mchoro wa kitabuni, kwa sababu mzungumzaji hawezi kuuzungusha na kusema: “La, si hapa, ni huku nyuma.” Nne, orodha ipelekwe kwa walimu wa anatomia waihakiki, ili jina lisibandikwe juu ya kiungo kisicho chake.

Suala la sitara

Pana kikwazo kimoja ambacho hatuwezi kukikwepa. Mswahili ni mtu wa sitara, na viungo vya uzazi huvitaja kwa mafumbo: sehemu za siri, utupu, huko chini. Staha hiyo ni sehemu ya utamaduni wetu, wala makala haya hayaikejeli. Hata hivyo, saratani ya mlango wa kizazi haijui mafumbo. Mwanamke anapaswa kuelezwa waziwazi kiungo kinachopimwa ni kipi na kiko wapi, na anapaswa kuwa na neno la kulijibia swali la muuguzi.

Hapa mchoro una fadhila yake. Ni mchoro, wala si mwili wa mtu. Hauna uso wa kuona haya. Muuguzi anaweza kuonyesha kiungo cha ndani pekee bila kuonyesha cha nje. Isitoshe, mchoro unaweza kuamua mjadala wa istilahi. Wengine husema mlango wa kizazi, wengine shingo ya kizazi. Ukikizungusha kiungo hicho kiwamboni utaona kwamba kila upande una hoja: ni chembamba kama shingo, na kina uwazi kama mlango. Majina mawili, mahali pamoja. Anayeyajua yote mawili hatapotea Mombasa wala Dar es Salaam, na neno lenye staha likiwa na mahali bainifu, staha na usahihi havigombani.

Hitimisho

Tumeona kwamba michoro ya tarakilishi ya pande tatu huundwa kwa kuvipanga vipande vya mwili na kuvivika wavu wa pembetatu. Kwamba inamfaa mwanafunzi ingawa haiwezi kuchukua nafasi ya mwalimu na ya maiti. Na kwamba ubora wake mkubwa kwetu ni kulikutanisha jina na kiungo. Tumeona pia kwamba neno likikosa mahali, mgonjwa ndiye hulipa.

Tangu Katiba ya mwaka wa 2010, Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi ya Kenya. Hadhi hiyo imeandikwa katika sheria, lakini haitafika chumba cha daktari kwa sheria peke yake. Itafika pale mwanafunzi wa utabibu atakapokibofya kiungo kiwamboni akalisoma jina ambalo nyanya yake analitumia nyumbani. Majina hayo bado yapo. Yule mzee wa Liwatoni, ambaye siku hizi amekabidhi kisu chake kwa wanawe, anayajua mengi kati ya hayo, ya samaki na ya binadamu. Wajibu wa kumwendea yeye na wenzake kwa daftari, kabla hawajaondoka nayo, ni wetu sisi tunaosoma lugha hii.